Visa vya kukumbushia herufi za Kichina: shajara ya mradi

12 Januari: lengo na vifaa

Viwango vipya vya Kichina vilivyotolewa China mwaka 2021 vinataka mwanafunzi wa ngazi ya mwanzo azitambue herufi 900, yaani 300 kwa kila kiwango, cha kwanza hadi cha tatu. Hizo ndizo ninazozifuata. Badala ya kuandika herufi moja mpaka mkono uchoke, kila herufi itapewa kisa kifupi chenye waigizaji na tendo. Hatua ikikamilika nitaandika hapa, kilichofaulu na kilichokwama, ili anayetaka kuiga asianze na yale yaliyokwisha kushindikana.

Kwa nini visa? Kwa sababu ya namna herufi zenyewe zilivyojengwa. Orodha rasmi ya China ya mwaka 2013 ina herufi 8,105, na 3,500 kati yake ndizo za matumizi ya kawaida. Kamusi ya Kangxi ya mwaka 1716 ilikusanya zaidi ya 47,000. Lakini kamusi hiyo hiyo iliziweka zote chini ya mizizi 214 tu, yaani vipande vya msingi. Ukivijua vipande, herufi mpya inakuja kama mkusanyiko wa watu unaowafahamu, na kisa kinakueleza wamekutania wapi na wanafanya nini.

Njia yenyewe ni ya zamani. Matteo Ricci, padri Mjesuiti kutoka Italia, aliandika kwa Kichina mwaka 1596 maelezo ya ufundi wa kumbukumbu, na herufi 好 (hǎo, zuri) akaipa taswira ya mwanamke aliyeshika mtoto, kwa kuwa imeungwa na 女 mwanamke na 子 mtoto. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani, Atkinson na Raugh, walijaribu jambo linalofanana na hilo kwa wanafunzi wa Kirusi: unatafuta neno la lugha yako linalofanana kwa sauti na neno geni, kisha unayaunganisha kwa picha. Waliotumia njia hiyo walikumbuka maneno mengi zaidi ya wenzao.

Vifaa ni daftari, penseli, na Anki, programu ya kadi za kujikumbusha ambayo kwenye kompyuta ni ya bure. Kwa hiyo gharama yote nitakayoiandika humu ni saa.

Jambo moja la kuamua kabla ya kadi ya kwanza: herufi zilizorahisishwa za China bara na Singapore, au za jadi za Taiwan na Hong Kong? Nimechukua zilizorahisishwa. Visa havihami kutoka upande mmoja kwenda mwingine. 愛 ya jadi (ài, upendo) ina moyo 心 katikati, 爱 iliyorahisishwa haina, na kisa kilichosimama juu ya moyo huo kinaanguka papo hapo.

2 Februari: picha ya herufi nzima haifiki mbali

Mwanzo ulikuwa mwepesi kupita kiasi. 山 mlima, 口 mdomo, 木 mti, 日 jua: unatazama, unaona kitu chenyewe. 休 (xiū, kupumzika) ni mtu 亻 kando ya mti 木, na haihitaji hata kisa. Nikaendelea kwa mtindo huo huo, kuitazama herufi nzima na kutafuta inafanana na nini.

Njia hiyo ilikatika mapema, na mahali ilipokatikia panastahili kuonwa kwa karibu. 我 (wǒ, mimi) niliichukulia kuwa mtu anayekimbia na mkuki. Ilikaa vizuri sana. Kisha ikaja 找 (zhǎo, kutafuta), na mtu yule yule akatokea, na mkuki wake, na mbio zake. Tangu siku hiyo herufi zote mbili zikaharibika.

Dawa ni kuzifungua. Zote mbili zina mkono na silaha, 戈, aina ya mkuki wa kale wenye ncha ya pembeni. Itazame 我: mstari mmoja wa mlalo unapita moja kwa moja kutoka kwenye mkono hadi kwenye mkuki. Mkono umeushika. Itazame 找: mkono 扌 umesimama peke yake kushoto, mkuki uko kulia, na kati yao pana nafasi. Mkono umeupoteza mkuki, kwa hiyo unautafuta. Huyu aliyeushika ni mimi, na yule aliyeupoteza anatafuta. Tangu niandike hivyo sijazichanganya tena.

Kanuni iliyotoka hapa: hakuna kisa bila vipande. Kama siwezi kuitaja herufi kipande kwa kipande, siipi kadi bado.

23 Februari: kila kipande na uso wake

Wiki hizi zimekwenda kwenye orodha ya vipande, kazi kavu lakini bila hiyo hakuna kinachosimama. Maji 水 yakikaa kushoto huwa 氵, moyo 心 huwa 忄, maneno 言 huwa 讠, mbwa 犬 huwa 犭. Andika ukurasa mmoja wa hivi na uukariri hivyo hivyo.

Ugumu umejitokeza kwenye vipande vyenye sura moja na asili mbili. 月 ni mwezi, na katika 明 (míng, angavu) ni mwezi kweli, kando ya jua. Lakini katika 脚 mguu, 肚 tumbo, 脸 uso na 肺 pafu, kipande hicho hicho ni nyama, 肉, iliyobanwa mpaka ikafanana na mwezi. Nilipolazimisha mwezi kila mahali, visa vya mwili mzima vikawa na mwezi unaoning'inia bila sababu, na hakuna kilichokaa. Sasa 月 ikiwa kushoto mwa kiungo cha mwili ni pande la nyama mbichi, kwingine ni mwezi.

阝 ni mfano mzuri zaidi. Ikiwa kushoto ni kilima: 险 (xiǎn, hatari), 陡 (dǒu, mwinuko mkali). Ikiwa kulia ni mji: 都 (dū, mji mkuu), 郊 (jiāo, viungani mwa mji). Sura ni moja, na upande ndio unaoamua. Kulijua hili kumenipa visa kadhaa bila jasho, kwa sababu hatari ya 险 tayari iko ukingoni mwa kilima na sikulazimika kuitunga.

Gharama: kisa kimoja kilikuwa kinanichukua hadi dakika kumi, kwa sababu nilikuwa naandika aya nzima. Visa virefu ndivyo vilivyosahaulika kwanza. Sasa ni sentensi moja, mahali pamoja, tendo moja, na waigizaji ni vipande vya herufi tu. Dakika mbili au tatu zinatosha. Na tendo liwe zito: kitu kivunjike, mtu apige kelele, harufu itoke. Watu waliokaa tu hawakumbukwi.

16 Machi: mlango na watu wake

Mpaka hapa visa vilibeba maana, si sauti. Nilikuwa naiona herufi, najua maana yake, na kinywa hakina la kusema. Kwa hiyo kila kisa sasa kina neno la Kiswahili linaloanza na sauti ya herufi, nami naliita ndoano.

看 (kàn, kutazama) ni mkono 手 juu ya jicho 目: mtu amekinga jicho kwa mkono akitazama *kandili* inayodondoka. 书 (shū, kitabu): *shule*. 山 (shān, mlima): anayefika kileleni *anashangaa*. 哭 (kū, kulia) ni midomo miwili juu ya mbwa: mbwa anabweka kwa kilio, na *kunguru* yuko juu ya paa.

Lakini kundi lililonipa imani na kazi yote ni la mlango, 门 (mén). Mdomo ukiwa mlangoni ni 问 (wèn, kuuliza): mdomo umesimama kizingitini na kuuliza, "*Wenyewe* wapo?" Sikio likiwa mlangoni ni 闻 (wén, kusikia, na siku hizi zaidi kunusa): sikio limebanwa kwenye mlango huo huo likiwasikiliza *wenyewe* wakinong'ona ndani. Moyo ukifungiwa mlangoni ni 闷 (mèn, dhiki ya moyo). Mtu akisimama kando ya mlango ni 们 (men), kinachoonyesha wingi wa watu: 我们, sisi. Nyumba moja, mlango mmoja, na kila anayefika anaacha herufi yake. Tena 门 haikuwekwa humo kwa ajili ya picha tu. Ndiyo iliyozipa herufi hizi zote sauti yake, na ndiyo maana wèn, wén, mèn na men zinakaribiana hivyo.

6 Aprili: toni

Kichina sanifu kina toni nne, yaani namna sauti inavyopanda na kushuka na kubadili maana ya neno, na moja hafifu isiyo na mkazo. Jaribio la kwanza lilikuwa rangi: kila toni na rangi yake kwenye kadi. Kwenye kadi majibu yalikuwa mazuri. Nikafungua maandishi ya kawaida, meusi tupu, na toni zikatoweka, kwa kuwa kilichokuwa kinajibu ni rangi, na herufi yenyewe haikuwa imefungwa na chochote. Nimezifuta rangi kwenye kadi zote.

Kilichofanya kazi ni mahali na mwendo, kwa kufuata sauti yenyewe inavyokwenda. Toni ya kwanza iko juu na haitikisiki: kisa kinatokea juu ya paa au kileleni. Ya pili inapanda: ngazini, mtu anapanda. Ya tatu inazama chini: ndani ya shimo. Ya nne inashuka ghafla: kitu kinaanguka. Hafifu: mwigizaji amelala chini.

Farasi 马 (mǎ) anatosha kuonyesha. Mwenyewe yuko shimoni. 妈 (mā, mama), mwanamke na farasi, wako juu ya paa. 骂 (mà, kugombeza kwa matusi), midomo miwili juu ya farasi: farasi anaanguka huku midomo ikimwagia matusi. 吗 (ma), kiulizi cha mwisho wa sentensi, mdomo na farasi: amelala, anauliza kwa uvivu. Ndiyo maana kandili ya 看 inadondoka na kunguru wa 哭 yuko paani. Mahali pa kisa ni toni.

Ilinibidi kuvirudia visa vyote vya zamani, na hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote za mradi mpaka sasa: karibu mwezi mzima wa jioni. Anayeanza leo aweke toni ndani ya kisa tangu kadi ya kwanza.

27 Aprili: mtoto, mzee na mluzi

Tatizo hili ni letu hasa sisi wasemaji wa Kiswahili. Pinyin, maandishi ya Kilatini ya Kichina yaliyopitishwa mwaka 1958, inatenganisha q na ch, x na sh, j na zh. Masikio yetu yanayaweka yote katika ch, sh na j. Ndoano zikagongana. 小 (xiǎo, dogo) na 少 (shǎo, chache) zinafanana kwa sura, zinakaribiana kwa maana, zote ni toni ya tatu, na zote mbili nilikuwa nimezipa ndoano ya "sha". Vivyo hivyo 七 (qī, saba) na 吃 (chī, kula).

Nimeingiza waigizaji wa kudumu. Herufi zenye j, q na x zina mtoto anayetabasamu, kwa sababu midomo hutanuka unapozitamka. Zenye zh, ch, sh na r zina mzee aliyekunja ulimi nyuma, kwa sababu ulimi hukunjwa kweli. Katika shimo la 小 yumo mtoto anayetabasamu, katika shimo la 少 yumo mzee. Na pale irabu inapokuwa ü, mtu anapiga mluzi, midomo imeviringwa: 路 (lù, njia) hana mluzi, 绿 (lǜ, kijani) anapiga mluzi huku akianguka.

Kilichonifurahisha ni kwamba matamshi nayo yamenyooka. Nikimwona mzee, ulimi unajikunja wenyewe.

25 Mei: familia za sauti

Sehemu kubwa ya herufi za Kichina zina kipande cha maana na kipande cha sauti. Nilikuwa naipa kila herufi ndoano yake, na nilikuwa najitwisha kazi ambayo waandishi wa kale walikwisha kuifanya.

青 (qīng) ndiye mzazi. Maji kushoto: 清 (qīng, maji safi). Jua: 晴 (qíng, anga jeupe). Moyo: 情 (qíng, hisia). Maneno: 请 (qǐng, kuomba kwa adabu). Ndoano moja kwa familia nzima inatosha, kisa kinabaki na kazi ya kusema kipande cha kushoto kinafanya nini na wapi. Kwa 请, mtoto yuko shimoni na anatoa maneno ya kuomba atolewe. Kwa 情, moyo unapanda ngazi.

Familia si zote tiifu. 睛 (jīng, mboni ya jicho) imegeuka q kuwa j. 工 (gōng) imezaa 红 (hóng, nyekundu), 空 (kōng, tupu) na 江 (jiāng, mto mkubwa), kwa sababu matamshi yamebadilika kwa karne nyingi na maandishi yakabaki. Kanuni yangu: herufi ikitofautiana na mzazi kwa toni tu, inarithi ndoano. Ikitofautiana kwa konsonanti, inapata ndoano yake, na jina la mzazi linaandikwa pembeni mwa kadi.

22 Juni: mapacha

Anki huziwekea alama kadi zinazoshindikana tena na tena. Nilipozikusanya, karibu zote zilikuwa jozi: 晴 na 睛, 未 na 末, 土 na 士, 买 na 卖, 喝 na 渴. Kuboresha kisa cha kila moja peke yake hakukusaidia kitu. Zinahitaji kisa kimoja chenye wote wawili, kinachozungumza juu ya tofauti pekee.

喝 (hē, kunywa) na 渴 (kě, kiu): upande wa kulia ni ule ule. Mwenye mdomo 口 anakunywa, yuko juu ya paa. Mwenye maji 氵 yuko shimoni, maji anayaona pembeni wala hana mdomo wa kuyanywea, ndiyo kiu yenyewe. 买 (mǎi, kununua) na 卖 (mài, kuuza): muuzaji ana 十 ya ziada kichwani, ndiyo bidhaa yake, na anaanguka nayo ndani ya shimo alimo mnunuzi. Kwa 土 udongo na 士 msomi, tofauti ni mstari upi mrefu, wa chini au wa juu: udongo hutandawaa chini, msomi hutanua mabega.

Jozi moja, kadi moja ya nyongeza yenye herufi zote mbili kwa pamoja. Ilinichukua jioni chache tu, na ni sehemu ya mradi iliyolipa kuliko nyingine yoyote kwa muda mfupi hivyo.

20 Julai: herufi zisizo na picha

的, 了, 就, 才. Visa nilivitunga, na vilinisaidia kuitambua sura. Kutumia ni jambo jingine kabisa. Hata 看, ambayo kisa chake nakipenda, ilinikwamisha katika sentensi: 看书 ni kusoma kitabu, 看见 ni kuona, 看病 ni kwenda kutibiwa. Kadi iliyoandikwa "kutazama" peke yake haimfikishi mtu hapo.

Nimebadilisha upande wa mbele wa kadi zote za kiwango cha kwanza. Herufi haisimami peke yake tena, iko ndani ya sentensi fupi: 我看书。 你看见了吗? (Ninasoma kitabu. Umeona?) Kisa kimehamia upande wa nyuma, chini, kwa maandishi madogo. Herufi za sarufi hazina kisa kabisa sasa, zina sentensi tatu kila moja. Ubaya wake ni kwamba marudio ya kila siku yamerefuka, kutoka kama dakika ishirini hadi zaidi ya nusu saa.

31 Agosti: kusoma, na kuandika kwa mkono

Kiwango cha kwanza kimekamilika, na cha pili kimefika zaidi ya nusu. Nimeanza kusoma vifungu vifupi, na hapo limejitokeza jambo ambalo kadi zilikuwa zinalificha: nilikuwa najilazimisha kukipitia kisa kila ninapojibu, hata pale maana ilipokwisha kuja. Katika kusoma, mwendo huo unaua sentensi. Sasa sauti na maana zikija papo hapo, kadi inapita bila kisa. Kisa kinaitwa nikipotea tu. Herufi ninazokutana nazo kila siku, kama 我 na 看, zimekwisha kuviacha visa vyake. Zile za nadra bado zinavitegemea, na ndipo vinapofaa.

Kuandika kwa mkono kunakwenda kinyume. Hapo kisa hakiondoki, kwa sababu ndicho kinachonitajia vipande kwa mpangilio: anza na mlango, halafu mdomo. Nilikuwa nimepanga kuandika herufi zote 900 bila kutazama. Nimeacha. Viwango vyenyewe vya 2021 vinatenganisha mambo haya: katika ngazi nzima ya mwanzo, herufi za kuandika kwa mkono ni 300 tu. Nimeziweka hizo katika fungu lake la kadi, na zilizobaki ni za kusoma.

Familia zinazofuata ni mbili. 包 (bāo): 抱 (bào, kukumbatia), 饱 (bǎo, kushiba), 跑 (pǎo, kukimbia). Na 巴 (bā): 把, 吧, 爸 (bà, baba) na 爬 (pá, kukwea). Hii ya mwisho imebadili konsonanti, kwa hiyo imepata ndoano yake, *paa*: makucha 爪 yameng'ang'ania ngazi, na mwenye makucha anapaa nayo kidato kwa kidato. Toni ya pili, sauti na maana vyote vimo ndani ya tendo moja, na ndiyo kadi ya kwanza ya fungu la Septemba.